Mluzi wa spika unaofuata mwendo wa injini: je, ni alteneta, ni ethi au ni redio yenyewe?

#1 Noah wa Mbezi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha ambayo pengine haina sababu ya kutoka.

Ninatumia Noah yenye injini ya 1AZ. Mwezi uliopita niliondoa redio yake ya asili, nikafungiwa redio ya skrini inayotumia Android, amplifaya ya chaneli nne nyuma ya kiti cha mwisho, spika nne za milangoni na sabufa moja ya inchi 12. Muziki unapiga vizuri na sina malalamiko juu ya nguvu yake. Tatizo ni kwamba injini ikiwaka, spika za milangoni hutoa mluzi mwembamba unaopanda ninapokanyaga mafuta na kushuka ninapoachia. Nikiteremsha sauti ya redio hadi sifuri, mluzi unabaki palepale. Ufunguo ukiwa umewashwa bila injini, kuna utulivu. Sabufa haitoi mluzi wowote. Indiketa ikiwaka nasikia mdundo mdogo katika spika kila inapopepesa, na nikisikiliza FM unaongezeka mkwaruzo ambao haupo ninapopiga muziki wa USB.

Nimeshabadilisha nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, mara moja, na nimefunga filta kwenye waya wa umeme wa redio. Hakuna kilichobadilika. Fundi aliyefunga anasema alteneta imechoka na kwamba ninunue nyingine. Nimepima betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, volti 14.1 ikiwa inaunguruma. Je, ninunue alteneta?

#2 Rewaya Ilala

Mkuu, usinunue bado. Magari yanayoletwa kwangu kwa malalamiko ya namna hii, mengi huondoka na alteneta ileile yaliyokuja nayo. Mluzi unatoka kwenye alteneta, hilo halina ubishi, lakini hata alteneta nzima hutoa mluzi huo. Cha kuuliza ni umepita njia gani hadi ukafika kwenye spika zako. Tueleze waya wa ethi wa amplifaya, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, umefungwa wapi, na waya mkubwa unaotoka kwenye betri umepitishwa upande gani ukilinganisha na nyaya za RCA.

#3 Safari Singida

Ninapingana na #2, japo kwa heshima. Volti 14.1 zinaonyesha kwamba alteneta inachaji. Hazionyeshi kwamba dayodi zake zote, zile zinazonyoosha umeme wake, ni hai. Gari langu la abiria lilikuwa linachaji volti 14 bila shida, betri haikufa hata siku moja, lakini spika zilikuwa zikinguruma na taa za mbele zikitetemeka usiku. Nilibadilisha ethi mara tatu bila mafanikio. Mwishowe fundi mmoja aliweka mita kwenye mkondo geu (AC) akapima ncha za betri, akakuta volti 0.9. Dayodi moja ilikuwa imekufa. Tulibadilisha bamba la dayodi peke yake, alteneta ikarudi, na kelele ikaisha siku hiyohiyo.

#4 Mwalimu wa Fizikia

Kabla hatujagawanyika pande mbili, ni vyema tuelewane kuhusu mluzi wenyewe. Alteneta huzalisha mkondo geu wa njia tatu, na dayodi sita huugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC). Mgeuzo huo hauwi laini kabisa, kwa hiyo juu ya zile volti 14 hubaki viwimbi vidogo, kama vile vya juu ya maji ya pipa lililoguswa. Katika alteneta nyingi za magari madogo, zenye jozi sita za ncha za sumaku, kila mzunguko hutoa viwimbi 36. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, na alteneta ikizunguka mara mbili na nusu ya hapo, yaani 2,000, unapata viwimbi 1,200 kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta hadi injini ifike 3,000, vinakuwa 4,500. Hilo ndilo eneo ambalo sikio la binadamu ni kali kuliko mahali pengine, na ndiyo sababu kelele ndogo sana inakera kiasi hicho. Hilo pia linaeleza kwa nini sabufa imenyamaza: kichujio chake hukata sauti zote nyembamba, kwa hiyo kimya cha sabufa hakithibitishi kwamba njia yake ni safi.

Dayodi ikifa, kama ilivyomtokea Safari Singida, viwimbi hukosa mpangilio na sauti inayosikika huwa nzito, mngurumo zaidi kuliko mluzi. Yeye mwenyewe ametumia neno "zikinguruma", ilhali mleta uzi ameandika "mluzi mwembamba". Kwa sababu hiyo mimi ninaegemea upande wa ethi.

Redio imepata ethi yake mbele, nyuma ya dashibodi, na amplifaya imepata yake nyuma kabisa. Kati yao kuna bati la bodi, ambalo ndilo njia ambayo umeme wa taa, feni na pampu ya mafuta hurudia kwenye betri, kwa hiyo ncha hizo mbili hazina volti sawa hata kama zote zinaitwa ethi. Ganda la nje la waya wa RCA limeunganisha ncha hizo, na mkondo unapata njia ya mkato kupitia humo. Tofauti ya milivolti 10 tu inatosha, kwa kuwa amplifaya haina namna ya kuzitenga na muziki. Redio inayotoa volti 2 ikiwa imefunguliwa hadi mwisho inaizidi kelele hiyo kwa desibeli 46, na hakuna mtu anayesikiliza redio ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.

Jaribio la kwanza ni hili: zima kila kitu, chomoa nyaya za RCA kwenye amplifaya, kisha washa injini na amplifaya. Mluzi ukibaki, tatizo liko kwenye umeme au ethi ya amplifaya yenyewe. Ukitoweka, unaingia kwa njia ya RCA.

#5 Noah wa Mbezi

Nashukuru. Nimeinua kapeti leo. Ethi ya amplifaya imefungwa kwenye bolti ya kiti cha nyuma, na chini ya kichwa cha waya naona rangi ya gari bado ipo. Waya wa umeme umeunganishwa moja kwa moja na betri, umepita upande wa dereva, na nyaya za RCA zimepita hapohapo. Zimefungwa pamoja kwa tepu nyeusi kutoka mbele hadi nyuma. Jaribio la #4 nitalifanya Jumamosi.

#6 Rewaya Ilala

Basi umeshatueleza mambo mawili makubwa. Bolti ya kiti si mahali pa ethi: mara nyingi ina gundi ya kuzuia kulegea, imepita kwenye rangi, na ikiwa ni ya mkanda wa usalama haipaswi kuguswa kabisa. Tafuta bati la bodi lililo karibu na amplifaya, lisugue kwa msasa hadi ling'ae kama sarafu mpya, funga kwa bolti yenye washa ya meno, kisha upake grisi au rangi juu ya kiungo ili kutu isiingie. Waya wa ethi uwe na unene uleule wa waya wa umeme, na usizidi nusu mita.

La pili, tenganisha nyaya hizo. Umeme upite upande mmoja wa gari, RCA upande mwingine, na pale ambapo lazima zikutane zikatane kama msalaba, zisilale sambamba.

#7 Kijana wa Thika

Salamu kutoka Kenya. Ndugu mleta uzi, je, kuna simu inayochajiwa ndani ya gari unaposikia mluzi? Mimi nilihangaika miezi miwili na mluzi wa aina hii katika Probox, nikafungua milango, nikabadilisha spika, hadi siku simu ilipojaa nikaichomoa kwenye chaja na mluzi ukakatika papo hapo. Nilikuwa nasikiliza kwa waya wa AUX huku simu ikichaji kwenye tundu la sigara. Niliponunua kile kitenganishi kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachowekwa katikati ya waya wa AUX, nikaweza kuchaji na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ni kifaa cha bei ndogo na kimenitoshea hadi leo. Chaja ile ilikuwa inapitisha viwimbi vya alteneta.

#8 Ukuta wa Sauti

#7, kisa chako ni cha kweli, ila maelezo yake yanahitaji kunyooshwa. Ukichaji na kusikiliza kwa waya kwa wakati mmoja, ethi ya simu inafika kwenye redio kwa njia mbili: kwa waya wa chaji na kwa waya wa AUX. Huo ni uleule mzunguko alioueleza Mwalimu katika #4, umefupishwa tu ndani ya dashibodi. Kitenganishi kilikusaidia kwa sababu kilikata njia moja.

Hata hivyo sipendi kukipendekeza kwa mfumo wenye sabufa. Transfoma ndogo kiasi kile haiwezi kupitisha besi nzito kwa ukamilifu. Kiini chake hujaa, na sauti ya chini hupungua au huchafuka. Mtu aliyelipia sabufa ya inchi 12 asikubali kukatwa besi yake ili kuficha kosa la ethi.

Na ile filta ya mleta uzi iko kwenye waya wa umeme wa redio. Kama mluzi unaingia kwa RCA, filta hiyo inalinda mlango ambao mwizi hakuutumia.

#9 Mama Raum

Samahani kwa kukatiza hoja za mluzi, lakini nimesoma #5 mara mbili na hakuna aliyegusa jambo hili. Mleta uzi ameandika kwamba waya wa umeme umeunganishwa "moja kwa moja" na betri. Je, kuna fyuzi? Na pale waya unapopenya ukuta wa bati kutoka kwenye injini kuingia ndani, kuna mpira wa kuukinga?

Gari la shemeji yangu lilikuwa limefungwa hivyo. Ukingo wa bati ulikula plastiki ya waya kidogo kidogo kwa mtikisiko, na siku ulipoigusa shaba, waya wote wa kuelekea nyuma ulibadilika kuwa mwekundu chini ya kapeti, huku watoto wakiwa wamekaa juu yake. Walitoka salama kwa sababu gari lilikuwa limesimama na mlango ulikuwa wazi. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea katika waya uliogusa bodi, na hakuna kitu cha kuuzuia ikiwa fyuzi haipo. Fyuzi ya kwenye amplifaya hailindi waya, inalinda amplifaya. Ya kulinda waya inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45 au chini ya hapo. Ninakuomba kaka, kabla hujatafuta mluzi, shughulikia hilo.

#10 Rewaya Ilala

Mama Raum amesema jambo ambalo nilipaswa kulisema mimi katika #6. Ninaunga mkono neno kwa neno. Chomoa waya huo kwenye betri hadi fyuzi ipatikane.

#11 Noah wa Mbezi

Nimetoka kuangalia kwa tochi. Fyuzi hakuna, na mpira hakuna. Nimeuchomoa waya kwenye betri sasa hivi. Ahsante sana, dada.

#12 Bint Tanga

Mimi nataka kuzungumzia ule mkwaruzo wa FM, kwa sababu naona mleta uzi ana kelele mbili na tunazijibu kama moja. Kelele isiyobadilika ukishusha sauti na inayosikika hata kwenye USB inaingia baada ya redio. Kelele inayosikika kwenye FM peke yake inaingia kwa antena.

Magari yetu yametoka Japani, ambako masafa ya FM huanzia 76 na redio nyingi za zamani za magari zinaishia 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana wengi tulifungiwa kile kiboksi kinachoshusha masafa ili redio ya Kijapani iweze kuyapokea. Ndani yake mna kitetemeshi chenye masafa yake, na vile vya bei nafuu havina bati la kuvizuia visivujishe mawimbi. Ulipobadilisha redio, je, kiboksi kiliondolewa au kimeachwa nyuma ya dashibodi kikiwa na umeme wake? Mimi nilikuta changu kinaning'inia, hakina kazi yoyote, lakini kinachemka.

Angalia pia taa. Nikiwasha taa za mbele za LED nilizonunua, kituo changu nilichokipenda kinazama katika mchakarisho, nikizima, kinarudi.

#13 Mzee Kombi

Enzi zetu mkwaruzo wa redio ulianzia kwenye plagi. Plagi isiyo na ukinzani ndani yake hurusha cheche inayosambaza mawimbi kama kituo kidogo cha redio. Ndiyo maana kwenye plagi za NGK, kwa mfano BPR5ES, herufi R ina maana kwamba ndani yake kuna kikinzani. Mleta uzi asome herufi za plagi zake, na akague nyaya za plagi zisiwe zimepasuka, maana usiku unaweza kuona cheche zikirukia kwenye bati.

#14 Safari Singida

Mzee wetu, kwa plagi uko sahihi, lakini 1AZ haina nyaya ndefu za plagi. Kila plagi ina koili yake juu ya kichwa chake. Kelele ya plagi pia huwa ni ya kudonoa, tik-tik-tik inayoongezeka kasi, na si mluzi.

#15 Mzee Kombi

Ninakubali kwa upande wa nyaya. Herufi R bado ninaomba aisome, kwa sababu ya FM.

#16 Ukuta wa Sauti

Kuhusu kipimo cha #3, ninatoa tahadhari. Mita nyingi za bei nafuu zikiwekwa kwenye mkondo geu na kugusishwa betri iliyotulia, ambayo haina kiwimbi hata kimoja, huonyesha namba kubwa, wakati mwingine zaidi ya volti 25, na ukigeuza ncha huonyesha sifuri. Hiyo maana yake mita haizuii mkondo mnyoofu, na namba yake haifai kwa kazi hii. Jaribu kwanza injini ikiwa imezimwa. Ikisoma sifuri pande zote mbili, iamini. Isiposoma hivyo, weka kapasita ya mikrofaradi 1 katika mfululizo na ncha mojawapo.

#17 Noah wa Mbezi

Wakuu, nimeanza kwa kufunga fyuzi na mpira, kisha nikafanya majaribio. Ninaleta majibu kwa mpangilio nilioufuata.

Nilipochomoa RCA kwenye amplifaya, mluzi ulitoweka kabisa. Nilipounganisha amplifaya na simu inayotumia betri yake, bila chaja, muziki ulipiga safi na mluzi haukuwepo, hata nilipokanyaga mafuta. Niliporudisha RCA za redio, mluzi ukarudi.

Nikahamisha ethi ya amplifaya kwenye bati lililosuguliwa, na nikapitisha RCA upande wa abiria. Mluzi umepungua, ningesema umebaki theluthi moja, lakini nikiwa kwenye foleni madirisha yamefungwa bado nausikia. Mdundo wa indiketa umekwisha.

Mkondo geu kwenye betri: mita ilisoma sifuri injini ikiwa imezimwa, pande zote mbili, na injini ikiunguruma imesoma volti 0.06.

Kiboksi cha FM kimepatikana nyuma ya dashibodi, kikiwa cha moto, kama alivyosema Bint Tanga. Nimekitoa. Mkwaruzo umepungua katika vituo viwili, na katika kimoja haujabadilika. Plagi zina herufi R. Taa zangu ni za kawaida.

#18 Mwalimu wa Fizikia

Umefanya kazi nzuri, na umetupa majibu yanayoweza kujadiliwa. Volti 0.06 ni ndogo; dayodi iliyokufa ingeonyesha zaidi ya hapo. Kwa mtazamo wangu alteneta imeachiwa huru. Kilichobaki kiko kati ya redio na RCA.

#19 Rewaya Ilala

Sasa geukia redio. Nyuma ya redio nyingi, ganda la nje la tundu la RCA linaunganishwa na ethi ya ndani kupitia njia nyembamba sana kwenye ubao, na mtu akichomeka au kuchomoa RCA umeme ukiwa umewashwa, njia hiyo huungua. Redio inaendelea kupiga kama kawaida, ila ganda la RCA limebaki bila ethi na linategemea ile ya amplifaya. Chukua kipande cha waya, zungushia ganda la nje la pini ya RCA pale inapoingia kwenye redio, na ncha ya pili iguse bati la mgongo wa redio wakati mluzi unasikika. Ukikatika, umempata.

#20 Ukuta wa Sauti

Jaribio la #19 ni zuri, lakini lisomwe kwa uangalifu. Linaweza kunyamazisha mluzi hata kama njia ya ndani haijaungua, kwa sababu tu umeongeza njia nene kuliko ile nyembamba iliyokuwepo. Mimi ninashuku zaidi geini, kile kitufe cha amplifaya kinachoamua sauti inayoingia ikuzwe kiasi gani. Redio nyingi za skrini za bei ya chini hutoa mawimbi dhaifu kwenye RCA, fundi anafidia kwa kuzungusha geini ya amplifaya hadi mwisho, na kila kelele iliyoko njiani inakuzwa pamoja. Geini yako iko wapi?

#21 Noah wa Mbezi

Iko karibu na mwisho. Fundi aliiacha hapo.

#22 Kijana wa Thika

Basi irudishe nyuma, ndugu. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, kisha pandisha geini polepole kutoka sifuri hadi muziki utoshe, na uishie hapo.

#23 Pwani Mita

Ninaishi Mombasa na sijaona mtu akitaja chumvi ya bahari. Huku kwetu ethi ya kwanza kuoza si ya redio. Ni ule waya unaotoka kwenye ncha hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na mwenzake unaotoka kwenye injini. Kwa nje unaonekana mzima, ukiukunja unasikia unavunjika ndani, na ukichana plastiki unakuta unga wa kijani. Ukipoteza ethi hiyo, umeme wa gari zima unatafuta njia nyingine ya kurudi, na ganda la RCA ni mojawapo.

Kipimo chake ni rahisi. Washa injini, taa na feni, weka mita kwenye mkondo mnyoofu, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bati safi la bodi. Ikizidi volti 0.1, safisha. Rudia kati ya nguzo hasi na chuma cha injini. Hapo Mbezi hamko mbali na bahari.

Kitu kingine ni waya wenyewe. Waya unaouzwa kwa jina la geji 4 mara nyingi ni plastiki nene yenye waya mwembamba katikati, na waya huo si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini, ambayo hupitisha umeme kwa takribani asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Sisemi lazima iwe chanzo cha mluzi, lakini ethi ya alumini iliyobanwa na bolti hulegea baada ya muda, na mluzi uliopungua leo utarudi.

#24 Mwalimu wa Fizikia

Nina shaka na sehemu moja tu ya #23. Amplifaya ilipounganishwa na simu ilikuwa kimya kabisa. Ethi kuu ingekuwa imeoza kiasi hicho, ningetegemea dalili nyingine: kuwaka kwa shida asubuhi, taa kufifia. Mleta uzi hajazitaja.

#25 Pwani Mita

Simu haikuwa na ethi ya mbele, Mwalimu. Ilikuwa inaelea. Mzunguko haukuwepo, kwa hiyo hata ethi iliyooza isingesikika. Jaribio lile linathibitisha tu kwamba amplifaya haina hatia.

#26 Mwalimu wa Fizikia

Hilo ni sahihi, na nilikosea kuliruka. Kipimo cha nguzo hasi kifanyike.

#27 Noah wa Mbezi

Nimefanya yote matatu.

Geini nimeirudisha hadi karibu na katikati. Mluzi umeshuka tena, ila sasa ninafungua redio zaidi ili kupata nguvu ileile ya muziki.

Waya wa kuzungushia ganda la RCA: injini ikiunguruma peke yake, mluzi unakatika kabisa ninapogusa mgongo wa redio. Nikiwasha taa na feni kwa pamoja, unarudi kwa mbali hata nikiwa nimegusa.

Nguzo hasi hadi bodi: volti 0.04 bila mzigo, 0.13 taa na feni zikiwashwa. Nguzo hasi hadi injini: 0.05. Waya wa umeme nimeukwangua. Ndani ni mweupe.

#28 Rewaya Ilala

Kukatika kwa mluzi kunatosha kwangu. Njia ya ndani ya redio imeungua. Fundi wa vifaa vya umeme afungue redio, aunganishe ganda la RCA na ethi kwa waya mdogo, gharama yake ni ndogo.

#29 Pwani Mita

Na kurudi kwa mluzi taa zikiwashwa kunatosha kwangu. 0.13 imevuka mpaka. Asifungue redio kabla hajabadilisha waya wa betri kwenda kwenye bodi. Ni waya mfupi, na akiweka wa shaba halisi hatapoteza kitu hata kama mimi nimekosea.

#30 Ukuta wa Sauti

Mimi bado sijaona jaribio linaloitenga redio yenyewe. Ndani ya redio ya skrini mna vigeuza umeme vinavyowasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na ubora wa kapasita zake za kuingilia ndio unaoamua kiasi gani cha viwimbi vya alteneta kinapita hadi kwenye RCA. Aazime redio nyingine, hata ile yake ya asili akiweza kuiunganisha, asikilize dakika tano.

#31 Safari Singida

Na apime tena mkondo geu taa na feni zikiwa zimewashwa, injini kwenye mizunguko 2,000. Ile 0.06 ilipimwa bila mzigo. Dayodi dhaifu hujificha hadi ibebeshwe.

#32 Noah wa Mbezi

Waya wa betri kwenda kwenye bodi nitaununua kesho, na kipimo cha #31 nitakifanya kabla sijaufunga, kisha nikirudie baada ya kuufunga. Redio ya asili bado ninayo stoo. Soketi yake ni tofauti na haina matundu ya RCA, je, kuna anayejua namna ya kuchukua sauti kwenye nyaya zake za spika bila kuleta kelele nyingine?

#33 Ukuta wa Sauti

Tazama mgongo wa amplifaya yako kama ina tundu la plastiki lenye pini nne au zaidi, mbali na yale ya RCA. Kama lipo, hilo hupokea nyaya za spika moja kwa moja. Usiunganishe waya hasi wa spika na bodi kwa namna yoyote, maana katika redio nyingi za gari pande zote mbili za spika zina umeme, na utaiunguza. Piga picha, uilete hapa.